Baada ya Matanga Kuanuliwa

Soma Ayubu 2:11–13. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo gani jema kabla hawajaanza kusema?

Walikaa naye chini siku saba, kimya. Makosa yao yalianza walipotaka kumweleza sababu ya msiba wake. Basi, rafiki ana wajibu gani kwa aliyefiwa? Je, anaweza kuziba pengo la marehemu?

Fikiria wanafunzi wa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, wilaya jirani na Nachingwea. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Vijana wachache, baadhi yao wakiwa ndugu zake, walijifunza kwa kukaa kando yake na kutazama mkono wake. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Hakuwa amejenga chuo wala kuandika kitabu cha mafundisho.

Vijana wale wangeweza kutawanyika, kila mmoja na huzuni yake. Lakini waliendelea kuchora pamoja, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 kundi lao likawa chama cha ushirika chenye jina la mwalimu wao. Mwalimu hakurudi, wala hakuna aliyechukua nafasi yake. Walichopata ni wenzao wa kukaa nao kazini, waliomkumbuka marehemu yuleyule.

Soma Matendo 9:36–39. Wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nini?

Walimwonyesha nguo alizoshona Dorkasi alipokuwa hai. Walilia pamoja, na kazi ya mikono yake ilikuwa mbele yao. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Sisi tunaoamini ufufuo tusilifanye tumaini hilo kuwa amri ya kufuta machozi haraka. Anayengoja asubuhi ya ufufuo anaweza kukaa na mwenzake usiku kucha.

Huku Ruponda nyumba ya msiba hujaa watu siku za kwanza. Matanga yakishaanuliwa kila mtu hurudi shambani kwake, na kijana aliyefiwa hurudi darasani na daftari lake. Pengo lake hatuwezi kuliziba. Tunaweza kukaa kando yake, kumtaja marehemu kwa jina, na kushika kazi pamoja naye.

Kwa Majadiliano: Ni nani kati yenu aliyefiwa miezi iliyopita, na sasa hatembelewi tena? Ni kazi gani mtakayoifanya pamoja naye juma hili?