Rekodi Tatu za Charizard

Charizard wa seti ya kwanza ya kadi za Pokémon kwa Kiingereza, iliyotolewa Marekani na Wizards of the Coast mwaka 1999, ana namba 4/102. Usiku mmoja, nikiwa mtunzaji wa kujitolea wa kanzidata ambamo wakusanyaji huandika kadi walizonazo, nilimkuta ameandikwa mara tatu. Picha ileile, namba ileile, jina la seti lilelile. Nikadhani wenzangu wamerudia kazi bila kujua. Nikaziunganisha zile rekodi tatu zikawa moja, nikahamia kadi iliyofuata, na nyingine, hadi alfajiri. Nililala nimeridhika, kama mtu aliyefagia nyumba nzima.

Seti ile ilipigwa chapa zaidi ya mara moja. Kadi za mwanzo zina mhuri mdogo mweusi wa toleo la kwanza, chini ya picha upande wa kushoto. Zikafuata zisizo na mhuri lakini zenye sura ileile: fremu ya picha haina kivuli upande wa kulia, na katika mstari mwembamba wa hakimiliki, miaka ya Nintendo inaishia na 99. Kisha ikaja chapa kubwa ya kawaida, kivuli kimewekwa na ile 99 imeondolewa. Baadaye Uingereza ikapata chapa yake, yenye maandishi 1999-2000. Mtoto anayechana pakiti haoni lolote kati ya hayo. Mnunuzi anayaona yote, na Charizard mwenye mhuri na Charizard wa kawaida hawakaribiani kwa bei hata kidogo.

Miezi kadhaa baadaye nilipata ujumbe wa mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Minnesota. Nyumba yao ilikuwa imeshika moto, na albamu ya kadi za mwanawe imeteketea. Nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawa watu wa bima wanataka kujua ilikuwa Charizard ipi. Mtoto anasema aliandika kila kadi kwenu. Mbona kwenu pameandikwa 4/102 tu?"

Kijana alikuwa ameandika, tena kwa uangalifu: hii haina kivuli, ile ya kawaida. Lakini maneno hayo yalikuwa jina la rekodi aliyoichagua, na rekodi hiyo nilishaifuta mimi. Kanzidata yetu haikuhifadhi historia ya mabadiliko. Palipokuwa na kadi tatu tofauti za watu mia kadhaa, sasa palikuwa na rekodi moja isiyosema kitu. Kijana alikumbuka vizuri kadi yake, lakini bima haikutaka kumbukumbu, ilitaka maandishi ya kabla ya moto.

Niliomba radhi, na nikaanza kurekebisha. Hapo ndipo nilipoelewa uzito wa nilichofanya. Rekodi mbili zilizotenganishwa kimakosa zinaunganishwa kwa dakika moja. Zilizounganishwa kimakosa hazitenganiki tena, kwa sababu aliyejua tofauti ameshaondoka, ameuza, au amesahau nywila yake.

Nilitaka kutumia kanuni rahisi: yenye mhuri ni toleo la kwanza, na kwa hiyo haina kivuli. Machamp, namba 8/102, akaivunja. Yeye aliwekwa kwenye boksi la wachezaji wawili wanaoanza kujifunza, na aliendelea kuchapwa na mhuri hata kadi zilipokuwa zimeshawekewa kivuli. Kwa hiyo mhuri unastahili nafasi yake, kivuli nafasi yake, na mwaka wa hakimiliki nafasi yake. Anayeingiza kadi aandike anachokiona kwa macho. Jina la chapa litokane na hayo.

Wapo wanaotaka kila doa la wino liwe rekodi. Siwaungi mkono. Pikachu, namba 58/102, alikuwa na mashavu mekundu, kisha yakabadilishwa kuwa ya njano: huo ni uamuzi wa mtu, na Pikachu anastahili rekodi mbili. Lakini mashine ikiteleza kwenye karatasi moja, doa lake liandikwe kama maelezo ya kadi hiyo hiyo iliyo mkononi mwa mwenyewe, basi.

Siku hizo nilimfikiria sana Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, ambaye mwaka 1939 alichapisha orodha yake ya kwanza ya kadi za Marekani. Baadaye alizipa seti alama fupi, T kwa kadi za tumbaku za karne ya 20, na kadi za besiboli za mwaka 1909 hadi 1911 akaziita T206. Wakusanyaji wanaziita hivyo hadi leo. Mbele ya kadi hizo mchezaji ni yuleyule, ila nyuma kuna tangazo la Piedmont, au Sweet Caporal, au la sigara nyingine, na wakusanyaji wamehesabu migongo hiyo mmoja mmoja bila kuigusa ile alama ya Burdick. Kwetu mimi nilifuta hata namba za zile rekodi, na kila kiungo ambacho watu walikuwa wamekitunza kikaelekea patupu.

Sasa Charizard ana rekodi nne, pamoja na ya chapa ya Uingereza. Nimeongeza na ya tano: chapa haijathibitishwa. Zamani asiyejua alipewa ile ya kawaida, eti kwa kuwa ndiyo nyingi, na hivyo kutojua kukaandikwa kama ujuzi. Kadi ya kwanza niliyoiweka humo ni ya yule kijana. Nilimwonyesha kabla sijahifadhi.

"Kaka, mimi najua ilikuwa ipi," alisema. Akanyamaza kidogo. "Lakini wewe huna ushahidi. Iache hapo."