Saini Chini ya Nusu ya Ukweli

Ndugu msomaji, hebu tujiulize: mtu akikuletea kazi uihakiki, akakupa sababu moja ya kweli lakini akaificha ile kubwa, saini yako chini ya kazi hiyo ina thamani gani?

Swali hili liliwakuta waandishi wa Linux mwishoni mwa 2017. Kiini cha mfumo huo, yaani kerneli, huandikwa hadharani. Anayetaka kurekebisha kitu huleta kiraka chake, wenzake wanakisoma mstari kwa mstari, na aliyeridhika huongeza jina lake kwamba amekihakiki. Jina hilo ndiyo dhamana yake mbele ya watu.

Oktoba mwaka ule vikaletwa viraka vya kutenganisha kumbukumbu ya kerneli na ile ya programu za kawaida. Chimbuko lake lilikuwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, na sababu iliyotajwa ilikuwa kuwazuia wadukuzi wasijue kerneli imekaa wapi ndani ya kumbukumbu. Sawa. Lakini bei yake, jamani! Kompyuta ingepungua kasi kwa asilimia 5 hivi katika kazi nyingi, na kwenye jaribio moja la mtandao ilifika asilimia 30. Mhakiki mwenye akili zake lazima ashtuke: tangu lini kitasa cha mlango wa choo kikauzwa bei ya nyumba? Na haraka yote hii ya nini?

Sababu kubwa ilikuwa kwenye mashine yenyewe. Prosesa nyingi za Intel zina papara. Kabla hazijathibitisha kwamba programu inayo ruhusa, zinakuwa zimeshasoma mbele. Ikionekana ruhusa hakuna, zinakitupa kilichosomwa, lakini alama zinabaki kwenye kachi, ile kumbukumbu ndogo ya karibu, na mwizi mjanja anazifuata alama hizo mpaka anapata neno la siri la mtu. Kasoro hii ikaja kuitwa Meltdown. Intel walikuwa wameambiwa tangu katikati ya 2017. Ufa ulikuwa ndani ya silikoni, hauzibiki kwa mwiko, ndiyo maana watu wa programu wakalazimika kujenga ukuta.

Mimi sina ugomvi na siri. Ukijua mlango wa jirani haufungiki, huendi kutangaza sokoni kabla hajapata fundi. Ila kunyamaza ni jambo moja, na kumpa mwenzako sababu ndogo ili asiulize ile kubwa ni jambo jingine kabisa. Ndani ya viraka vile kulikuwa na alama isemayo kwamba prosesa si salama, na ikabandikwa kwa prosesa zote za ukoo wa x86, zikiwemo za AMD. Kumbe za AMD hazikuwa na kasoro ile.

Tarehe 26 Desemba mhandisi mmoja wa AMD akaleta kiraka kidogo tu: za kwetu zitolewe. Na sababu akaiandika waziwazi, kwamba prosesa zao haziruhusu usomaji wa papara kugusa data ambazo programu haina ruhusa nazo. Basi! Waliokuwa wakifuatilia wakajiuliza, ni za nani basi zinazoruhusu? Tangazo lililopangwa kutolewa 9 Januari 2018 likatoka tarehe 3.

Utasema jamaa alikuwa na kiherehere. Mimi namtetea. Angenyamaza, wateja wa AMD wangelipishwa faini ya kosa la mwingine kila wanapowasha kompyuta. Angesema "tutoeni" bila sababu, mhakiki makini angemrudishia kiraka chake, na angekuwa na haki. Huwezi kumwomba mtu asome kwa makini halafu ukamkataza kuelewa.

Wanaonisikitisha zaidi ni watu wa OpenBSD, mfumo mwingine unaotumia prosesa zilezile. Wao hawakuambiwa kitu mpaka siri ilipokuwa mitaani. Nani aliyekaa akachagua kwamba huyu aambiwe, yule aachwe mlango wazi?

Kiraka cha AMD kilikubaliwa. Siku chache baada ya tangazo, ile alama ya kutokuwa salama ikabadilishwa jina ndani ya kerneli. Sasa ikaitwa Meltdown.