Deni kwa Mtu wa Kalafati

Ndugu msomaji, nianze na jambo ambalo nisingependa wanangu walijue. Mwaka 2009 nilimwandikia barua ya dharau mtu nisiyemjua, ambaye hakunikosea lolote, na ambaye kwa muda mrefu alikuwa akinifanyia kazi bila kunidai hata senti moja.

Wakati huo nilikuwa mtunza maktaba katika chuo kimoja cha ualimu huku Tanga. Kwa kuwa nilionekana siogopi kubonyeza vitufe, nilikabidhiwa na kompyuta pia. Zilikuwa kumi na moja, kuukuu zote, zawadi za watu waliokwisha kuzichoka, na chuo hakikuwa na fedha za kununulia leseni za Windows. Ndipo mpwa wangu mmoja akaniletea sidi ya Ubuntu, ambayo siku hizo ilikuwa ikitumwa kwa posta bure mpaka kwenye sanduku lako. "Mjomba," akaniambia, "hii haina mwenyewe." Nilicheka, lakini maneno hayo yalinitia wasiwasi kidogo. Kwetu sisi kitu kisicho na mwenyewe huwa na watumiaji wengi na hakuna wa kukifagia.

Mpwa wangu alikosea. Kitu kile kina wenyewe maelfu. Kiini chake, Linux, kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki. Mwaka 1993 Ian Murdock akaanzisha Debian, yaani mkusanyo wa kiini hicho pamoja na programu nyingi nyingine, na Ubuntu ikajengwa juu ya Debian mwaka 2004. Jina lenyewe ni la lugha za kusini mwa Afrika, nalo ni ndugu wa neno letu utu. Maandishi ya programu hizo yako wazi. Yeyote aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyasahihisha. Baadaye chuo chetu kilihamia Debian yenyewe, nami naitumia hadi leo kwa kuandikia kurasa hizi.

Sasa, watu husifu waanzilishi. Mimi nataka kusema juu ya wale wanaokuja baada yao.

Waliokulia pwani wanajua kwamba jahazi haliwi jahazi siku linaposhushwa majini tu. Mbao hukauka na kulowa, hupanuka na kusinyaa, na kila baada ya muda chombo hupandishwa ufukoni, fundi akachuchumaa ubavuni na kuingiza pamba yenye mafuta katika kila mwanya, akigongagonga tangu asubuhi. Hiyo ndiyo kalafati. Kisha mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Nahodha husifiwa kwa safari, mwashi wa chombo husifiwa kwa umbo lake, na mtu wa kalafati, sifa aipatayo aghalabu ni hiyo ya papa.

Kazi ya kutunza mfumo kama Debian ni kalafati tupu. Kila programu imo katika kifurushi chake, na kila kifurushi kina mtunzaji, au kundi la watunzaji, wengi wao watu wa kujitolea wenye ajira nyingine za mchana. Kasoro ikionekana hupewa namba, na orodha ya namba hizo, ambayo sasa imepita milioni moja, huwekwa hadharani, kwa sababu mkataba walioafikiana mwaka 1997 unawazuia kuficha matatizo. (Taasisi ngapi unazozijua, msomaji, zingethubutu kubandika ukutani orodha ya makosa yao?) Toleo likishatangazwa kuwa imara, haliongezwi mapambo. Linazibwa nyufa tu. Mtunzaji husoma lalamiko, hujaribu kulifanya kosa lijirudie mbele ya macho yake, hutafuta mstari wenye dosari, husahihisha, hupima, hutuma. Akifaulu, hakuna kinachotokea. Tunda la kazi yake ni kwamba mtu fulani Tanga anawasha kompyuta na haoni tofauti yoyote.

Lakini akikosea, ulimwengu mzima humjua. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alikuwa akishughulikia programu ya OpenSSL, inayotengeneza funguo za siri za kulinda mawasiliano. Chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kilikuwa kikilalamika juu ya mistari miwili. Mtu huyu hakukurupuka. Aliwauliza waliohusika na programu yenyewe, na hakukatazwa. Akaiondoa mistari ile ili lalamiko liishe. Kumbe mmojawapo ndio uliokuwa ukileta ile bahati nasibu inayoufanya ufunguo usiweze kubahatishwa. Kilichobaki ni namba ya shughuli ndani ya kompyuta, ambayo haikuzidi 32,768. Fikiria mji mzima wenye makufuli ya aina 32,768 tu, na mwizi mwenye shada la funguo zote. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 13 Mei 2008, ilipotangazwa kwamba kila ufunguo uliotengenezwa kwa mifumo hiyo tangu Septemba 2006 utupwe.

Marehemu mama alikuwa akituambia kwamba sahani huvunjwa na anayeosha vyombo, na wale waliokaa sebuleni hawavunji hata moja maisha yao yote. Mtunzaji yule alisemwa vibaya. Mimi je? Tangazo nililisoma Mei, na seva yetu ilikuwa na funguo mbovu. Nilizibadilisha mwezi Agosti. Miezi mitatu majina na alama za wanafunzi zilikaa nyuma ya kufuli la kuchezea, kwa uvivu wangu, na hakuna aliyenilaumu, kwa sababu sikuwa nimegusa kitu. Nimelifikiria sana jambo hili. Yeye alifanya kosa katika kutimiza wajibu, mimi nilikwepa wajibu bila kufanya kosa. Desturi ya watu ni kumhukumu wa kwanza. Naamini desturi hiyo ni mbovu, na tena ina madhara, maana inamfundisha kila mwenye busara kukaa sebuleni.

Nirudi kwenye barua. Februari 2009 Debian ilitoa toleo jipya, nami nikalipakia. Mashine ya kuchapia ikagoma. Ilikuwa siku mbili kabla ya kikao cha matokeo, na Mkuu wa Chuo aliniuliza mbele ya walimu kama nilikuwa na hakika na hivyo vitu vyangu vya bure. Niliona haya, na haya ikageuka hasira. Nikatafuta anwani ya mtunzaji wa kifurushi cha mashine ile, nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba ameharibu kazi ya chuo kizima, na kwamba kama kazi imemshinda awaachie wanaoiweza.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Halikuwa na neno kali hata moja. Alinipa mistari minne ya kubadilisha, akaeleza sababu ya kosa, akaomba radhi kwa kuchelewa kwani hufanya kazi hii usiku mtoto akishalala. Niliibadilisha mistari ile na mashine ikachapa. Sikumjibu. Nilijisemea kwamba nitamwandikia nikitulia.

Miaka kumi na mitano ikapita. Mwaka 2024, tarehe 29 Machi, mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza jambo lililowashtua watu wa kompyuta duniani kote. Alikuwa ameona kwamba kuingia katika mashine yake kunachelewa nusu sekunde kuliko kawaida, na Valgrind, chombo kilekile cha mkasa wa 2006, kilikuwa kikilalamika. Wengine wangepuuza. Yeye alifuatilia, akakuta kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila mfumo wa Linux, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalikuwa yamefichwa mlango wa nyuma. Ulikwisha kuingia katika Debian ya majaribio, bado haujafika katika ile imara.

Mlango uliingiaje? Hapo ndipo nilipokaa kitako. Xz ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja hasa, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza msaidizi mwenye jina la Jia Tan, ambaye hadi leo haijathibitishwa ni nani, akileta marekebisho mazuri kwa utulivu. Mwaka 2022 wakajitokeza na wengine, majina matupu, wakimsukuma mtunzaji: kazi inakwenda polepole, awape wengine nafasi. Yule mtu alijibu kwamba kwa muda mrefu amekuwa na matatizo ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba hii ni kazi ya mapenzi tu, hailipwi. Hatimaye akamkabidhi msaidizi mamlaka. Inaaminika kwamba wasukumaji wale walikuwa sehemu ya njama.

Nilisoma maneno waliyomwandikia, na nikayatambua. Yalikuwa yangu. Mimi sikuwa na njama, nilikuwa na hasira tu na mashine ya kuchapia. Lakini njama ile isingefanya kazi kama barua za namna yangu zisingekuwa jambo la kawaida. Wale waongo walijificha katikati yetu sisi wakweli, kama vile mchawi ajifichavyo msibani, na mtunzaji aliyechoka hakuwa na njia ya kututofautisha.

Basi tunadaiwa nini sisi tunaopokea bure? Kisheria hakuna. Leseni yenyewe inasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana. Mwenye kutoa hana deni kwangu, nami sina deni kwake. Kuna wanaoona hesabu imeishia hapo. Mimi sioni hivyo, kwa sababu jirani akinizibia paa wakati nimelala, kutokuwepo kwa mkataba baina yetu hakunipi ruhusa ya kumtukana siku tone moja linapopenya. Wala siamini kwamba fedha peke yake ingemaliza jambo. Ingesaidia, na kampuni kubwa zinazotajirika juu ya mabega ya watu hawa zingepaswa kuona haya kuliko mimi. Lakini mtu aliyechoka humuhitaji mtu wa pili wa kuchuchumaa naye ubavuni mwa chombo.

Ana haki ya kuondoka? Naamini anayo, na Debian wana utaratibu wa jambo hilo. Mtunzaji asiyeweza tena hutangaza kwamba kifurushi chake ni yatima. Ndilo neno wanalolitumia. Huingizwa katika orodha ya wanaosubiri mlezi, na hakuna anayemwuliza sababu.

Aprili 2024 nilimwandikia yule mtu wa mashine ya kuchapia. Nilimweleza mimi ni nani, nikainakili barua yangu ya zamani yote, nikamwomba radhi na kumshukuru kwa mistari ile minne. Alijibu baada ya wiki moja, kwa upole uleule. Mtoto wake sasa yuko chuo kikuu. Yeye aliiacha kazi ile mwaka 2013. Juu ya barua yangu alisema kwamba kwa kweli haikumbuki, zilikuja nyingi za namna hiyo.

Nilikwenda kutazama kifurushi chake. Kimo katika orodha ya yatima, pamoja na kasoro saba zilizopewa namba na zisizoshughulikiwa na mtu. Mimi ni mstaafu wa miaka 63, na lugha ya C naijua kama mtu anavyojua lugha ya shemeji zake, kusikia zaidi kuliko kusema. Mpwa wangu anadai nitajiabisha. Kasoro ya tatu, hata hivyo, nimekwisha kuifanya ijirudie kwenye mashine ya hapa nyumbani, mara nne mfululizo, na nadhani naujua mstari wenyewe.