Baiskeli Bora Kuliko Zote, Mpaka Desemba

Kila Januari, kwenye ulimwengu wa mbio za baiskeli za kulipwa, kuna watu wanaoamka na imani mpya. Tarehe 31 Desemba baiskeli bora duniani ilikuwa ya kampuni fulani. Tarehe 1 Januari ni ya kampuni nyingine. Picha zinatoka, mwendeshaji ameishika fremu mpya kama bwana harusi aliyekabidhiwa mke, na chini yake kuna yale maneno unayoweza kuyakisia hata kama hujawahi kuutazama mchezo huu: nyepesi ajabu, ina kasi ajabu, sijawahi kupanda kitu kama hiki.

Mwaka 2021 mambo yalichekesha zaidi. Timu ya Uholanzi, Jumbo-Visma, iliachana na Bianchi, kampuni ya Kiitaliano iliyoanza mwaka 1885, ikahamia Cervélo. Waliokuwa na Cervélo, Sunweb, ambao mwaka huo walianza kuitwa DSM, wakachukua Scott. Na waliokuwa na Scott, ile timu ya Australia ambayo hadi jina lake lilikuwa Mitchelton-Scott, wakachukua Bianchi. Timu tatu, kampuni tatu, kila mmoja kahamia kwenye kiti cha jirani yake. Hebu piga hesabu. Ikiwa kila timu ilikuwa na baiskeli bora mwaka 2020, na kila timu ikapata iliyo bora zaidi mwaka 2021, tena kwa kubadilishana zile zile, basi kuna mtu hasemi kweli. Na Waaustralia wala hawakukaa. Mwaka 2022 walikuwa tayari wako juu ya Giant.

Tusisingizie chuma, au siku hizi tuseme kaboni. Primož Roglič, Mslovenia, ameshinda Vuelta ya Hispania mara nne: 2019 na 2020 akiwa na Bianchi, 2021 akiwa na Cervélo, 2024 akiwa na Specialized. Ukimwuliza ipi bora, miguu yake imeshakujibu. Kanuni za shirikisho la dunia zinakataza baiskeli ya mashindano kuwa na uzito chini ya kilo 6.8, kwa hiyo makampuni makubwa yote yanagombania tofauti ndogo sana ndani ya chumba kidogo sana. Sisemi baiskeli zote ni sawa. Ninachosema ni kwamba tofauti zilizopo hazitoshi kuubeba mzigo wa lile neno “bora”.

Na sina ugomvi na kubadilisha kwenyewe. Mashabiki wengine hulia wakiona rangi ya Bianchi, ile ya samawati inayoelekea kijani, ikiondoka kwa timu waliyoizoea, kana kwamba mtu kauza shamba la babu. Mimi silii. Mbio za barabarani hazina geti wala tiketi; watu husimama kando ya njia bure, na timu huishi kwa fedha ya wadhamini. Mkataba ukiisha, umeisha. Fundi cherehani akibadilisha duka analonunua vitambaa hatumwiti msaliti.

Swali langu liko kwenye mdomo. Mtu akikodisha miguu yake, mapafu yake na mgongo wake, ambao tayari umejaa majina ya benki na maduka ya vyakula, je, amekodisha na ushahidi wake? Maana “sijawahi kupanda kitu kama hiki” ni ushahidi. Ni mtu aliyekaa juu ya kile kitu akimwambia ambaye hajakaa.

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu anajua. Hakuna anayedanganywa, yule analipwa kusema, na sisi tunajua analipwa. Ni adabu tu ya kazi. Hoja hii naiheshimu kwa sababu sisi wenyewe tuna maneno ya namna hiyo. Ukinikuta nakula nitakwambia “karibu”, hata kama sahani ina tonge mbili. Wewe utasema “starehe” au “nimeshiba”, hata kama tumbo linanguruma. Hapo hakuna mwongo. Sote wawili tunaijua ngoma na hatua zake.

Lakini angalia nani analipa. Ninaposema karibu, nimejiweka hatarini: ukivuta kiti ukakaa, tonge moja ni lako. Neno langu lina rehani. Mwendeshaji anaposema hii ndiyo bora, rehani ni ya msikilizaji. Kuna kijana mahali fulani anayedunduiza fedha, na baiskeli za daraja hilo zinauzwa kwa bei inayopita shilingi milioni moja za Kenya. Hata asiponunua ile ya juu, atanunua ya chini yenye jina lile lile, kwa sababu ya mdomo ule ule. Anajua kwamba yule analipwa, ndiyo. Ila hajui ni sehemu gani ya maneno iliyolipiwa na ipi imetoka moyoni, maana zote zimevaa nguo moja. Na ubaya zaidi: siku mwendeshaji atakapokutana na baiskeli iliyomgusa kweli, atatumia maneno gani? Ameshayamaliza yote kwa mikataba.

Sisi watu wa vitabu tusicheke sana, tafadhali. Geuza riwaya yoyote mpya usome jalada la nyuma. Mwandishi fulani anamsifu mwandishi mwenzake, wa mchapishaji yule yule, kwa maneno ambayo mwaka jana alimpa mwingine. Tumefika mahali ambapo ukiambiwa kitabu “hakiwekwi chini” unakiweka chini papo hapo.

Na sifa ya kazi si jambo la Wazungu. Pwani yetu ina malenga wa kusifu tangu zamani. Ila Muyaka bin Haji, alipousimamia Mvita na Wamazrui dhidi ya Sultani Seyyid Said kwa mashairi yake, alikuwa anakaa ndani ya mji huo huo. Wamazrui walianguka mwaka 1837, na yeye alikuwepo, akaona mji wake ukiwa chini ya watawala aliowapinga. Unaweza kusema alipendelea upande wake, na ni kweli. Lakini huwezi kusema maneno yake hayakumgharimu. Sifa yenye upande bado inaweza kuwa na uzito. Isiyo na uzito ni ile inayohamishika kirahisi kama stika.

Stika, hasa. Tarehe 25 Oktoba 1972, jijini Mexico City, Mbelgiji Eddy Merckx alizunguka uwanja kwa saa moja akafikisha kilomita 49.431, rekodi ya dunia. Ile baiskeli iliundwa na Ernesto Colnago, fundi wa Italia, aliyehangaika kuipunguza uzito kila mahali palipopunguzika. Lakini jina lililobandikwa kwenye fremu lilikuwa Windsor, kampuni ya Mexico. Merckx hakuhitaji kusema neno. Fremu ilisema uongo kwa niaba yake. Na ulikuwa uongo wenye waathirika wawili: mnunuzi aliyedhani kiwandani Windsor kuna kitu kama kile, na fundi ambaye kazi bora ya mikono yake ilipita mbele ya dunia ikiwa na jina la mtu mwingine. Mara nyingi tunamfikiria mnunuzi tu. Mimi yule fundi ndiye hunikaa rohoni, ingawa haki ilimfikia baadaye, maana leo kila anayejua habari za rekodi ile anajua ni baiskeli ya nani.

Kuna mtu mmoja aliyejaribu kuumaliza mchezo huu wote. Henri Desgrange, mwasisi wa Tour de France, alichoshwa na makampuni ya baiskeli. Mwaka 1929 Maurice De Waele alishinda akiwa mgonjwa, akikingwa na kubebwa na wenzake wa timu ya Alcyon, ambayo ilikuwa ya kampuni ya baiskeli. Desgrange akaona mbio zake zimenunuliwa. Mwaka 1930 akafuta timu za makampuni, akaleta timu za mataifa, na akawapa waendeshaji wote baiskeli za manjano zisizo na jina la kampuni yoyote. Fikiria uzuri wake! Hakuna cha kusifu.

Ila mtu alipaswa kulipia baiskeli hizo, pamoja na malazi na chakula cha timu. Desgrange akaanzisha msafara wa matangazo unaotangulia mbio, na miongoni mwa waliolipa kupita walikuwa Menier, wauza chokoleti. Yaani usafi wa baiskeli ulilipiwa na chokoleti. Timu za makampuni zilirudi mwaka 1962, na msafara haukuondoka. Huwa napenda kuwakumbusha hili wale wanaotamani mchezo usio na mfadhili: fedha ikifungiwa mlango wa mbele, huzunguka uani.

Kwa hiyo simwombi mwendeshaji akatae stika. Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, pale Kigali, Tadej Pogačar alivaa shati la Slovenia huku akiendesha Colnago, baiskeli ya timu inayomwajiri. Shati ni la taifa, baiskeli ni ya mkataba. Alipanda vilima vya Kigali akashinda. Hapo sioni dosari yoyote. Kampuni ilipata ilicholipia, jina lake likaonekana chini ya mtu hodari, na hakuna aliyetakiwa kuapa. Miguu ilitosha.

Anayenitatiza, kwa namna nzuri, ni Chris Froome. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa mbio na David Kinjah kule Kikuyu, na Tour zake nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, alizishinda akiwa na Pinarello. Mwaka 2021 alihamia timu ya Israel Start-Up Nation, akapewa baiskeli za Factor zenye breki za diski. Mapema mwaka huo huo, kwenye video yake mwenyewe, akasema wazi kwamba breki hizo hazijamridhisha: zinasugua, zinapata joto kwenye miteremko mirefu. Aliizungumzia teknolojia, kampuni hakuitukana. Hata hivyo wapo waliomcheka. Mzee anatafuta kisingizio, wakasema, maana tangu ile ajali mbaya ya 2019 nguvu zake hazikurudi.

Huenda kweli kilikuwa kisingizio. Mtu anaweza kusema ukweli kwa sababu mbovu. Lakini wengine walisema amemvunjia heshima anayemlisha, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Mwajiri ana haki ya kudai kazi, na hata kudai ukimya: usimseme vibaya mbele ya watu, sawa, hilo ni ombi la kawaida la ajira. Kudai sifa ni jambo jingine. Ukimya humwachia mtu kile anachokijua, kikabaki chake, kisije kuharibika. Sifa ya kulipwa humtaka akitoe na kukighushi. Na mtengenezaji mwenye akili angemshukuru Froome, kwa kuwa fundi hupata faida kwa mteja anayerudi na malalamiko kuliko kwa yule anayetabasamu.

Sasa, lawama hii tusiwarundikie waendeshaji peke yao. Nani humfuata mwendeshaji Januari na kipaza sauti, akamwuliza, “Unaionaje baiskeli mpya?” Ni sisi waandishi. Tunauliza swali lenye jibu moja tu linaloruhusiwa na mkataba, halafu tunaandika jibu hilo kama habari. Mwulize jambo ambalo hakuna stika inayoweza kumjibia. Makanika alikaa nayo kwa muda gani kabla hujaridhika? Kiti umekishusha au umekipandisha, na kwa milimita ngapi? Ni kitu gani ulikuwa nacho kwenye ile ya zamani ukaomba uhamishiwe kwenye hii, na walikubali?