Kusamehe Si Kunyamaza

Somo: 2 Samweli 21:1-14



Katika somo letu twamwona mama mmoja, Rispa binti Aya. Wanawe wawili waliuawa kwa kosa wasilolitenda. Damu yao ilitolewa ili kulipa deni la Sauli, baba yao. Rispa hakuwa na jeshi, wala hakuwa na sauti katika baraza la mfalme. Alitwaa gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno hata mvua ikanyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama wa mwituni. Hatusomi kwamba alitamka neno lo lote. Lakini habari zake zilimfikia Daudi, naye mfalme akaamuru mifupa ikusanywe, ikazikwe kwa heshima. Mfiwa mmoja asiyeficha msiba wake aliigusa nchi nzima.

Watu wa namna hiyo wamekuwapo hata katika siku zetu. Jumapili tarehe 8 Novemba 1987, watu wa mji wa Enniskillen, Ireland ya Kaskazini, walikusanyika penye mnara wa ukumbusho ili kuwakumbuka waliokufa vitani. Bomu lililotegwa na kundi la IRA likalipuka katika jengo la karibu, na ukuta ukawaangukia. Watu 11 walikufa siku ile, na wa 12 alifariki baada ya kulala miaka 13 bila kupata fahamu.

Chini ya kifusi alikuwamo Gordon Wilson, mwenye duka la nguo, Mkristo wa Kanisa la Methodisti, pamoja na binti yake Marie, muuguzi wa miaka 20. Walishikana mikono humo. Marie alimwambia baba yake kwamba anampenda sana, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwake. Saa chache baadaye baba huyo aliwaambia watangazaji wa BBC kwamba hana chuki juu ya waliotenda jambo lile, na kwamba atawaombea kila usiku.

Wengi wakisimulia habari hii huishia hapo. Lakini tusikie na yaliyofuata. Mwezi Machi 1993 mabomu mengine ya IRA yaliua watoto wawili, wa miaka 3 na 12, mjini Warrington, Uingereza, siku moja kabla ya Jumapili ya Akina Mama. Mzee Wilson, ambaye mwaka ule alikuwa amepewa kiti katika Seneti ya Ireland, aliomba kukutana na IRA uso kwa uso. Akakutana nao, akawasihi waache kuua. Walimkatalia, akarudi mikono mitupu. Alifariki mwaka 1995, wala hakuyaona mapatano ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1998. Nao wazazi wa yule mtoto wa miaka 12 walianzisha kazi ya upatanisho, na mwaka 2000 kituo cha amani kikafunguliwa mjini kwao.

Twajifunza nini? Kwamba msamaha haukumfunga mzee yule kinywa. Hakusema, "Yaliyopita yamepita." Usiku aliwaombea wauaji, na mchana aliwaambia kwamba kuua watu wasio na silaha ni uovu. Wala si wafiwa wote wa Enniskillen walioweza kusema kama yeye. Tusimlazimishe mfiwa kusamehe kwa kipimo chetu. Mungu ajua mzigo wa kila mtu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatusomi habari hii kama wageni. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliua watu zaidi ya 200 Nairobi, na wengine Dar es Salaam: wafanyakazi, wanafunzi, wapita njia. Tangu hapo, kila mashambulizi yatokeapo, twajaribiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumwambia mfiwa anyamaze kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Ya pili ni kuyatwaa machozi yake na kuyafanya mkuki wa kumchoma jirani yetu Mwislamu, ambaye huenda naye amefiwa siku ile ile. Mwenye msiba asipotaka kisasi, sisi ni nani tukidai kwa jina lake?

Basi yatupasa kuketi na wafiwa hata baada ya matanga kuondoka. Tuwataje marehemu wao katika maombi yetu. Wakitaka kusema mbele ya watu, tuwape nafasi, nasi tusikie. Na wauaji wakiwa watu wa upande wetu, tusitafute udhuru. Damu ya asiye na hatia haina upande.

Ee Bwana Yesu, uliyewaombea waliokusulibisha, uwafariji waliofiwa, uwageuze mioyo wanaoua, nasi utupe ujasiri wa kusema kweli bila chuki. Amina.