Homa ya Pua na Homa ya Mwili

Juma lililopita, nikiwa mjini Migori katika duka la dawa ambalo sitalitaja, nilisimama nyuma ya mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka upande wa Sirari, amembeba mwanawe mgongoni kwa kanga, naye akamwambia muuzaji kwa adabu, "Samahani dada, mtoto ana homa tangu jana usiku." Muuzaji, bila ya kunyanyua macho, akauliza kama anakohoa, akajibiwa "kidogo", akateremsha chupa ya dawa ya mafua, akataja bei. Mguu wa mtoto ulikuwa ukining'inia karibu na mkono wangu; nikaugusa, nao ulikuwa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Hapakuwa na mwongo baina yao. Mama alisema homa kama isemwavyo Tanzania na pwani, yaani joto la mwili lililopita kiasi, na muuzaji akasikia homa ya bara yetu ya Kenya, ambayo aghalabu ni makamasi na chafya. Asili ya neno iko upande wa mama: limetoka katika Kiarabu, humma, na shina lake ni lile la joto, lililozaa pia hamamu, nyumba ya kuogea maji ya moto, ambayo Sayyid Barghash aliwajengea watu wa Unguja katika karne ya 19, na mahali pake pakaitwa Hamamni hata leo. (Mji wa Homa Bay haumo katika hesabu hii, ingawa wageni hawachoki kuufanyia mzaha.)

Atatokea wa kuniambia kwamba lugha haifungwi kamba, na kwamba Mkenya ana haki ya homa yake. Sawa, mbona basi Mkenya huyo huyo husema homa ya manjano, homa ya matumbo, homa ya Bonde la Ufa, asidhani hata mara moja kwamba hayo ni mafua? Na huku kandokando ya ziwa, ambako malaria imeota mizizi hata chanjo yake ilipoanza kutolewa Kenya, Septemba 2019, ikazinduliwa Homa Bay, mtoto mwenye mwili wa moto haja yake si dawa ya pua, bali ni kutobolewa kidole damu ipimwe siku hiyo hiyo. Mafua yana jina lake, liachiwe pua, na muuza dawa wa mpakani asikiapo homa, sharti aulize, "Mwili una moto?", kisha anyooshe mkono aguse.

Nilipomnong'oneza hayo dada yule, nisimvunjie heshima mbele ya wateja, alizunguka meza, akamshika mtoto shingoni, akanyamaza, akairudisha chupa rafuni na kumwelekeza mama hospitali. Jioni, katika matatu ya kurudi Homa Bay, makanga alipiga chafya tatu mfululizo, akajifuta kwa mkono wa shati, akatulalamikia abiria kwamba homa inammaliza. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia pole.