Kalamu Ikikauka

Kila kazi ya mkono na ya akili ina siku zake za neema na siku zake za ukame. Mkulima hulijua jambo hili mapema kwa kuwa mbingu humwonyesha. Mwenye kazi ya sanaa, awe mshairi, mchoraji, mwimbaji au mchonga mbao, hushtuka ukame unapomfika, maana mbingu yake imo ndani ya kifua chake na hapana awezaye kuitazama. Jana maneno yalimjia kama maji ya mfereji. Leo amekaa mbele ya karatasi nyeupe tangu alfajiri, wala hana hata neno moja. Siku moja ya namna hii si kitu. Lakini siku huzaa juma, juma likazaa mwezi, na ufikapo mwezi wa tatu mtu huanza kujiuliza kama kipaji kile kilikuwa chake au aliazimwa tu.

Nakuuliza, msomaji, swali ambalo huenda likakufika wewe mwenyewe siku moja: mtu aliyekaukiwa na kazi yake afanye nini? Angoje mpaka hamu irudi, au aifanye kazi bila ya hamu? Wako waaminio kuwa kufanya sanaa bila ya hamu ni uongo. Wako waaminio kuwa kungoja ni uvivu uliovikwa nguo ya heshima. Mimi naona kuwa kila upande umeshika nusu ya ukweli na kuitupa nusu ya pili.

Ukifika Mombasa, pita katika Mji wa Kale uifuate barabara iitwayo Ndia Kuu. Watu wa Mvita husema ndia pale wengine wasemapo njia. Barabara hii yaanzia karibu na Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikaelekea upande wa bandari ya zamani. Juu yako utaona roshani za mbao, na kando yako milango ambayo miimo yake na vizingiti vyake vimenakshiwa maua na minyororo. Kila mlango wa namna hiyo ni siku nyingi za mtu aliyeinama na patasi mkononi. Sasa fikiri: je, fundi huyo aliamka na hamu kila asubuhi? Ua la kwanza pengine alilichonga kwa furaha. Ua la arobaini alilichonga kwa sababu la thelathini na tisa lilikuwa limekwisha na mwimo ulikuwa haujajaa. Nawe upitaye leo huwezi kunionyesha ni ua lipi la furaha na ni lipi la kuchoka.

Yafaa hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Upo ukame wa wateja na upo ukame wa moyo. Fundi wa milango anaweza kuwa na hamu tele asipate mtu wa kumwagiza mlango, kwa kuwa watu wameanza kununua milango ya bei nafuu. Ukame huo hautoki kwake, umetoka sokoni. Lakini ukame wa wateja ukidumu huzaa ule wa moyo, na mtu huishia kukilaumu kipaji chake kwa kosa la soko. Kabla hujasema, "Mimi sina tena kitu ndani yangu," uliza kwanza kama ndani ndiko kulikokauka, au ni mlangoni ambapo hapana abishaye hodi.

Wazee hutuambia kuwa mvumilivu hula mbivu. Ni kweli, ila methali hii hupendwa mno na wavivu. Mtazame mvuvi wa mshipi akaapo juu ya mwamba. Hakuna mtu asubiriye kuliko yeye. Huweza kukaa toka alasiri mpaka giza liingie bila ya kupata samaki. Walakini angalia mkononi mwake. Mshipi umo majini, ndoana ina chambo, na kila mara huivuta kuona kama chambo kimeliwa. Mwenzake aliyelala barazani hakupata samaki vilevile, na kwa macho ya mpita njia hao wawili ni sawa. Mimi nasema mmoja tu kati yao ndiye asubiriye.

Mfano mkubwa zaidi umo katika pepo zenyewe, ambazo ndizo zilizoifanya Mombasa kuwa mji. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, karibu na mwezi wa Desemba hata Machi. Na kusi, ianzayo Aprili, ikayarudisha kwao. Baina ya pepo hizo mbili kuna majira yaitwayo tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo. Tena mnamo Juni na Julai kusi huwa kali, na vyombo vidogo havikuthubutu kutoka nje ya mwamba. Basi mabaharia walifanya nini katika miezi hiyo isiyo safari? Chombo kilivutwa pwani maji yakijaa, yakitoka kikabaki juu ya mchanga. Ubavu ulikwanguliwa magome ya bahari. Nyufa baina ya mbao zilifunguliwa, zikasindikwa pamba iliyotiwa mafuta, kazi iitwayo kukalafati, kisha chombo kikapakwa mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Matanga yalitandazwa chini yakatiwa viraka, na kamba zilizolika zikabadilishwa. Ni kazi chafu na yenye harufu mbaya, na hapana mtu aliyeitungia wimbo wa kuisifu kama zilivyosifiwa safari. Hapana nahodha aliyedai kuwa kupaka chokaa ni kusafiri. Lakini alijua kuwa upepo hauji kwa kuitwa, na kwamba chombo chenye nyufa, hata upepo ukija, kitaupokea kwa kuzama.

Kwa mwandishi kukalafati ni nini? Ni kunakili kwa mkono wake mashairi ya watu wa kale na kuhesabu mizani na vina. Ni kutafuta maana ya maneno kumi asiyoyajua na kuyaandika. Ni kulitoa shairi lake la mwaka jana, alilolidhani limekamilika, akalisoma kwa sauti mpaka sikio likwame mahali. Mchoraji achore mkono wake wa kushoto kila siku. Mwimbaji apande na kushuka ngazi za sauti. Kazi hizi hazihitaji hamu. Zahitaji kiti na saa moja. Tena nimeona mara nyingi kuwa hamu humkuta mtu katika kazi ndogo kama hizi, kama vile usingizi umkutavyo aliyekwisha kulala kitandani na kumkimbia autafutaye kwa kuzunguka chumbani.

Lakini sitaki kukudanganya kuwa jambo hili ni jepesi. Mshairi wa Kijerumani Rainer Maria Rilke alianza mwaka 1912 mashairi yake makuu ya maombolezo, yaitwayo ya Duino, na hakuyamaliza ila mwaka 1922. Miaka 10! Katikati ilipita vita kuu ya kwanza, naye akatiwa jeshini kwa muda. Hakuweza kuyalazimisha mashairi yale, na kama angeyalazimisha huenda tusingekuwa nayo kama yalivyo. Hapa wale wasemao kuwa hamu hailazimishwi wana haki yao. Ila angalia alichofanya katika miaka hiyo: aliandika barua kwa wingi mno, na akafasiri mashairi ya watu wengine. Mshipi wake ulikuwa majini.

Ngome niliyoitaja ilipata kuwa gereza tangu mwaka 1895 hata 1958, na sasa ni jumba la makumbusho. Mshairi nitakayemtaja hakufungwa humo, lakini ni mzaliwa wa Mombasa, naye ni Abdilatif Abdalla. Mwaka 1968 aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" na kwa ajili yake akafungwa miaka 3, tangu 1969 mpaka 1972. Gerezani alitunga mashairi na kuyaandika kwa siri katika karatasi za chooni. Ndiyo yaliyotoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Kisa hiki hutumiwa sana kuwatahayarisha vijana: "Yule hakuwa na karatasi akaandika, wewe una daftari zima umenyamaza!" Mimi sikubaliani na hoja hiyo. Yeye alikosa vifaa, hakukosa neno. Mtu mwenye kiu hafundishwi chochote kwa kuonyeshwa mtu mwenye njaa. Kinifaacho mimi ni yaliyofuata. Alipofunguliwa alikwenda Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, pale ilipokuwa ikitengenezwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981. Baadaye akatangaza habari London, kisha akafundisha Kiswahili Leipzig huko Ujerumani. Kupanga maneno ya kamusi moja baada ya moja si kutunga shairi. Lakini ni kuishi nyumba moja na ushairi.

Liko na suala la chakula, na nisilipite, kwa kuwa wazazi wako watakuuliza. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika kwa zaidi ya miaka 30, na vitabu vyake aliviandika hali ana kazi nyingine ya mchana. Na kule Lamu aliishi Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, ambaye alichonga mbao, alitunga mashairi, na alinakili tenzi za wengine kwa mwandiko mzuri ambao wataalamu wa Ulaya waliugombania. Mkono mmoja, patasi na kalamu. Mtu wa namna hiyo, soko moja likifungwa, lingine huwa wazi bado. Na moyo ukichoka kwa maneno, huenda mti ukaupumzisha. Basi asikwambie mtu kuwa kushika kazi ya mshahara katika mwaka wa ukame ni kuisaliti sanaa. Njaa haijapata kumfundisha mtu mizani.

Hutaniuliza, je, kama ukame hautakwisha? Jambo hili hutokea. Wako watu ambao kipaji chao kilikuwa cha ujana, na mwisho wake ulikuwa mwisho kweli. Kutambua mwisho huo ni vigumu, nami sina kipimo kisichokosea. Najua kipimo kimoja tu kinachosaidia: mtazame mtu huyo anapokutana na kazi nzuri ya mwenzake. Kama bado humtia wivu, au furaha, au hamu ya kujibu, chombo chake kiko pwani tu. Kama haimgusi tena, na afungue duka kwa amani, wala mtu asimcheke.

Nimetaja hamu ya kujibu, na kwa watu wa Mombasa hilo ni neno kubwa. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa ndiye sauti ya mji huu katika zama za Mazrui. Mashairi yake mengi hayakutoka katika upweke. Lamu ikitupa neno, yeye hulirudisha. Mtu akiuliza kwa fumbo, yeye hufumbua kwa fumbo jingine. Desturi hiyo ya kujibizana iliendelea hata magazetini. Katika Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, mshairi wa mji mmoja aliweza kumjibu mwenzake wa mji mwingine ambaye hajapata kumwona. Mwenye desturi hiyo halazimiki kuchota kila siku katika kisima chake mwenyewe. Kikikauka, huchota kwa jirani, na jirani hafilisiki. Kijana ajifungiaye chumbani akingoja wazo lake peke yake ameiacha njia hii kongwe. Chukua leo shairi la mtu mwingine ulipendalo, au bora zaidi ulichukialo, ulijibu beti tatu kwa vina vyake vilevile.

Mashairi ya Muyaka mwenyewe yangalipotea kama si mtu aliyekubali kazi isiyo na sifa. Zaidi ya miaka 40 baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka katika vinywa vya watu wa Mombasa, akamweleza maana zake mmishonari Mwingereza William Taylor. Sikujua alikuwa mjuzi wa ushairi, na angaliweza kuzitumia siku hizo kwa beti zake mwenyewe. Alifariki mwaka 1890. Diwani ya Muyaka ilipigwa chapa mwaka 1940.